Wakorea Walioasiliwa Ng'ambo: Haki ya Kukutana na Kusema



Tarehe 2 Oktoba 2025 Rais wa Korea Kusini, Lee Jae-myung, aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake. Aliwaelekea watu waliopelekwa nchi za mbali wakiwa watoto ili waasiliwe huko, pamoja na wazazi waliowazaa na wale waliowalea. Miezi sita kabla ya hapo, tarehe 26 Machi 2025, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilikuwa imetamka kwamba serikali zilizopita zilivunja haki za binadamu za watoto hao, kwa kuyaachia mashirika binafsi kazi ya kuwasafirisha bila kuyasimamia ipasavyo.

Habari hiyo ilitangazwa kama tendo la rais. Mimi naiona kuwa ni tunda la jasho la wengine. Rais aliomba radhi kwa sababu watoto wale walikua, wakatafutana, wakaunda vyama vyao, wakalinganisha karatasi zao na kusema pamoja. Maoni yangu katika makala hii ni haya: mtu mzima aliyeasiliwa ng'ambo ana haki ya kuwa na jumuiya ya wenzake, inayoongozwa na wao wenyewe. Sisi wengine, hata tukiwa na nia njema namna gani, wajibu wetu ni kuitegemeza jumuiya hiyo, wala si kuisemea.

Pengine msomaji atauliza: Korea na sisi, wapi na wapi? Ziko sababu mbili. Ya kwanza, kazi hiyo ya kupeleka watoto ng'ambo ilifanywa kwa sehemu kubwa na Wakristo, tena kwa jina la upendo. Ya pili, nchi zetu nazo zimepeleka watoto nje. Nitairudia sababu hiyo mwishoni.

WALITOKA WAPI?

Kuasili, kwa lugha ya sheria, ni kumchukua mtoto wa mtu mwingine awe mwana wako kamili, mwenye jina lako na urithi wako. Huko Korea jambo hili lilianza kwa wingi baada ya vita vya mwaka 1950 hadi 1953. Watoto wa kwanza kupelekwa nje walikuwa hasa wale waliozaliwa na mama Mkorea na baba askari wa kigeni, ambao jamii yao iliwakataa. Mwaka 1955 Harry Holt na mkewe Bertha, Wakristo wa jimbo la Oregon nchini Marekani, waliasili watoto wanane kwa mara moja, baada ya Bunge la Marekani kupitisha sheria maalumu kwa ajili yao. Wengi waliguswa na mfano huo, na mashirika ya kuasilisha watoto yakaundwa. Mengi yalikuwa ya kikristo, na ya Kikatoliki yalikuwamo.

Mtu angetazamia kwamba vita vikiisha na njaa ikipungua, safari hizo nazo zingepungua. Haikuwa hivyo. Kadiri nchi ilivyoendelea, ndivyo idadi ilivyopanda, hata mwaka 1985 peke yake wakapelekwa watoto zaidi ya 8,800. Kwa jumla hukadiriwa kwamba watoto wapatao 200,000 waliondoka. Zaidi ya nusu walikwenda Marekani, na wengine Sweden, Denmark, Norway, Ufaransa, Uholanzi, Ubelgiji na Australia. Seoul ilipoandaa Michezo ya Olimpiki mwaka 1988, waandishi wa habari wa kigeni walianza kuuliza kwa nini taifa lenye viwanda vikubwa namna ile linatoa watoto wake nje kana kwamba ni bidhaa.

Majibu yake yanafahamika. Katika miaka ya 1980 wengi wa watoto hao walikuwa wa akina mama wasioolewa. Daftari la ukoo la Korea liliwekwa chini ya kichwa cha familia ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamume, nao utaratibu huo uliondolewa mwaka 2008 tu. Mama asiye na mume hakuwa na pa kumwandikisha mwanawe pasipo aibu. Serikali iliepuka gharama za kuwatunza watoto na mama zao, na mashirika yalipokea ada kwa kila mtoto aliyepelekwa. Aibu ya jamii, uchumi wa serikali na ada za mashirika vilipokutana, aliyebaki bila mtetezi ni mama maskini na mtoto wake.

KARATASI ISEMAYO "YATIMA"

Ili mtoto apate kibali cha kuingia nchi ya kigeni kwa urahisi, ilifaa aitwe yatima. Basi wengi waliandikwa hivyo, hata kama mama yu hai na baba anajulikana. Mtoto mchanga alifunguliwa daftari lake peke yake, yeye akiwa ndiye kichwa cha ukoo wa mtu mmoja: hana baba, hana mama, hana babu. Tume iligundua pia kwamba wazazi wengine hawakutoa ridhaa iliyo sahihi, na kwamba wako watoto waliopelekwa kwa jina la mwingine, pengine kwa sababu yule wa kwanza alikuwa amefariki au amerudishwa kwa jamaa zake.

Tufikiri kidogo maana yake. Mtu wa miaka hamsini, anayeishi katika mji mdogo wa Denmark, anafungua bahasha aliyotunziwa na wazazi waliomlea. Ndani yake mna jina, tarehe ya kuzaliwa, na maneno kwamba aliokotwa mlangoni pa kituo cha polisi. Hana namna ya kujua lipi ni kweli. Akiandika kuuliza, huenda akajibiwa kwamba kumbukumbu zimepotea, naye akadhani kwamba ni bahati mbaya yake mwenyewe.

Hapo ndipo jumuiya inapokuwa jambo la haki, wala si la burudani tu. Karatasi moja ikiwa na kasoro, huitwa kosa la karani. Karatasi mia zikiwekwa juu ya meza moja, na zote zikaonekana kuwa na maneno yale yale juu ya mlango ule ule, hiyo si kasoro tena, huo ni utaratibu. Hakuna ambaye angeweza kuliona jambo hilo akiwa peke yake. Mwaka 2022 watu walioasiliwa Denmark, wakiongozwa na mwanasheria Peter Møller, ambaye naye ni mmoja wao, waliunda kundi la Danish Korean Rights Group na kuipelekea Tume malalamiko yao. Wenzao wa nchi nyingine waliungana nao, hata yakawa mashauri 367 kutoka nchi 11.

Matokeo yake yanatia moyo na kuhuzunisha pamoja. Mwezi Machi 2025 Tume iliwatambua watu 56 kuwa walivunjiwa haki zao. Wengine 42 waliahirishiwa mashauri yao kwa kukosa hati za kutosha. Mwezi Aprili uchunguzi wa mashauri yote 311 yaliyobaki ulisimamishwa. Angalieni mzunguko huu: mtu analalamika kwamba hati zake ziliharibiwa, naye anaambiwa asubiri kwa kuwa hana hati! Ombi la radhi la mwezi Oktoba halikuwafungulia watu hao faili hata moja. Na wakati wao ni mfupi, maana mama aliyejifungua mwaka 1970 akiwa na miaka ishirini sasa ni mzee.

WALIVYOANZA KUKUTANA

Kabla ya madai hayo palikuwa na upweke. Wengi wao walilelewa vijijini na katika miji midogo ambako wao peke yao walikuwa na sura ile. Walipendwa nyumbani, lakini shuleni walichekwa macho yao, nao hawakumwambia mtu, kwa kuwa mama aliyewalea asingeielewa dhihaka ambayo haijampata. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uchunguzi uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2002 katika jarida la utabibu la The Lancet ulionyesha kwamba vijana walioasiliwa kutoka nchi za nje walikuwa katika hatari ya kujiua mara tatu hadi nne kuliko vijana wengine, ingawa wengi wao waliishi vizuri. Tuyashike mambo yote mawili: wengi wanaishi vizuri, na wako wanaokufa kimya.

Mwaka 1986 chama cha Adopterade Koreaners Förening kiliundwa Sweden. Kikafuata Korea Klubben cha Denmark mwaka 1990, Arierang cha Uholanzi mwaka 1991, Racines Coréennes cha Ufaransa mwaka 1995 na Also-Known-As cha New York mwaka 1996. Mwaka 1998 wale waliorudi Korea waliunda chama kiitwacho G.O.A.'L. mjini Seoul, na mwaka huo huo Rais Kim Dae-jung aliwakaribisha baadhi yao ikulu akawaomba radhi. Mwezi Septemba 1999 watu wapatao 400 kutoka nchi mbalimbali walikutana Washington. Hawakuwa na lugha moja wala dini moja, na wengi hawakujua neno la Kikorea. Kilichowakutanisha ni kwamba kila mmoja alikuwa amedhani yuko peke yake.

JUMUIYA IJENGWE NAMNA GANI?

Kutokana na historia hiyo, naona mambo matano ya lazima kwa kila anayetaka kuanzisha au kusaidia kundi la namna hii.

Kwanza, urafiki utangulie madai. Watu wakutane wale chakula pamoja, wapike wali na kimchi hata kama wanajifunza kwa kukosea, wazoeane. Anayeitwa siku ya kwanza kutia saini malalamiko hatarudi siku ya pili.

Pili, uongozi uwe mikononi mwa walioasiliwa wenyewe. Wazazi waliowalea, wataalamu, mapadre na maofisa wa ubalozi waje wakialikwa, na wakialikwa wasikilize. Mtu huyu jina lake lilichaguliwa na wengine, uraia wake ulichaguliwa na wengine, safari yake iliamuliwa na wengine. Ikiwa hata kikao cha kuzungumzia maisha yake kitaongozwa na wengine, tutakuwa tumemfanya mtoto milele.

Tatu, siri itunzwe. Yanayosemwa katika kikao yabaki katika kikao. Wengine hawajawaambia hata wenzi wao wa ndoa kwamba wanamtafuta mama.

Nne, pasiwepo msimamo mmoja wa lazima. Yuko anayemtafuta mama yake, na yuko asiyetaka. Yuko mwenye hasira na mwenye furaha. Yuko aliyelelewa kwa upendo, na yuko aliyepigwa. Wote wakae meza moja. Kundi linalowapokea wenye furaha tu huwa tangazo la mashirika, na linalowapokea wenye hasira tu huwachosha wanachama wake.

Tano, pawepo kazi ya mikono. Watunze nakala za hati na kuzilinganisha. Wapate watu wa kuwatafsiria barua. Wafahamishane juu ya vipimo vya vinasaba, maana tangu mwaka 2020 inawezekana kutoa sampuli katika balozi za Korea ili ilinganishwe na ya wazazi wanaotafuta. Asiende mtu peke yake Seoul kufungua faili lake. Na pasisahauliwe suala la uraia: sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliwapa uraia watoto walioasiliwa kutoka nje, lakini iliwaacha wale waliokuwa wametimiza miaka 18 kabla ya tarehe 27 Februari 2001. Baadhi ya hao walikuja kufukuzwa na kurudishwa Korea, nchi ambayo hawaijui lugha yake.

PINGAMIZI ZINAZOTOLEWA

Wapo wasemao: "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mbona watu hawa hawana shukrani?" Methali hiyo ni ya kweli, na wengi wao wanawapenda sana waliowalea. Lakini hakuna anayemdai mtoto aliyezaliwa nyumbani atoe shukrani kwanza ndipo aulize jina la babu yake. Shukrani ikidaiwa hugeuka kuwa deni, na mwenye deni hasemi kwa uhuru. Musa alikula na kulelewa nyumbani kwa Farao, naye alipokuwa mtu mzima akatoka kwenda kuwatazama ndugu zake. Sijapata kusikia mahubiri yanayomwita mtovu wa shukrani.

Wengine husema kinyume chake: mwacha asili ni mtumwa, basi warudi kwao. Hao nao wanakosea. Watu hawa hawakuiacha asili yao, walitolewa ndani yake. Wengi waliokwenda Korea waliambiwa wao ni wageni kwa kuwa hawajui lugha, kama walivyoambiwa Ulaya kwa ajili ya sura zao. Jumuiya yao ni mahali ambapo mtu hahitaji kuchagua upande kabla ya kuruhusiwa kuketi.

Pingamizi zito zaidi linamhusu mama. Inawezekana aliolewa baadaye, na mume hajui kwamba palikuwa na mtoto. Je, haki ya mwana itavunja nyumba ya mama? Swali hili lisijibiwe kwa haraka. Nasema tu kwamba mama ana haki ya kukataa kukutana, lakini haki hiyo haimpi mtu yeyote ruhusa ya kughushi hati za mwana. Tena waliowatetea akina mama hao kwa nguvu ni pamoja na walioasiliwa wenyewe. Tangu mwaka 2011, tarehe 11 Mei, ambayo serikali ya Korea iliitenga kuwa Siku ya Kuasili, wao pamoja na akina mama wasioolewa wameiadhimisha kuwa Siku ya Mama Wasio na Waume, wakidai kwamba mama asaidiwe kumlea mwanawe. Kwa juhudi zao sheria ilirekebishwa, na tangu Agosti 2012 mama hawezi kutoa ridhaa kabla ya siku saba kupita tangu kujifungua, na mahakama ndiyo huidhinisha.

NA SISI JE?

Mfano wa msaada ulio mwema ninauona katika nyumba ya wageni iitwayo KoRoot, iliyofunguliwa Seoul mwaka 2003 na kuongozwa kwa miaka mingi na mchungaji wa Kiprotestanti, Kim Do-hyun, pamoja na mkewe. Aliyeasiliwa akirudi kutafuta wazazi alipata hapo kitanda, chakula cha asubuhi na mtu wa kumsikiliza. Na walioasiliwa walipoamua kudai sheria, mchungaji alisimama pamoja nao, wala hakuwatangulia. Huo ndio ukarimu usiomnyima mgeni sauti yake.

Sasa naurudia ule ukaribu nilioutaja mwanzoni. Congo ilisimamisha vibali vya kuondoka kwa watoto walioasiliwa mwezi Septemba 2013. Kenya ilisimamisha kuasilisha watoto kwa wageni mwezi Novemba 2014. Uganda ilikaza sheria yake mwaka 2016, na Ethiopia ikapiga marufuku mwezi Januari 2018. Hatua hizo zilichukuliwa kwa sababu palikuwa na mashaka yale yale: mtoto aliyeitwa yatima, kumbe ana mama sokoni. Watoto waliokwisha kuondoka kabla ya tarehe hizo wanakua, na baadhi yao ni watu wazima tayari. Watakutana, kama Wakorea walivyokutana. Watalinganisha karatasi zao. Kisha watakuja kuuliza.

Watauliza kwa nani? Kwa sehemu kubwa watatuuliza sisi. Vituo vingi vya kulelea watoto katika nchi zetu ni vya Kanisa. Vitabu vya ubatizo vimo katika makabati yetu, vingine vikiliwa na mchwa. Katekista mstaafu ndiye anayekumbuka nani alimleta mtoto yule, usiku ule, na kwa sababu gani. Kuzitunza kumbukumbu hizo ni kazi ya haki sawa na kumtembelea mfungwa. Na kumwandika "yatima" mtoto ambaye jamaa zake wanajulikana, hata kama nia yetu ni kumpatia mfadhili upesi, ni uongo ambao yeye ndiye atakayeubeba maisha yake yote.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa walei: tuvikague vitabu vyetu, tuandike majina ya jamaa wanaojulikana, tuwaulize wazee wangali hai. Tumsaidie mama maskini abaki na mwanawe kabla ya kumtafutia mwana nyumba nyingine. Na siku kijana atakapofika ofisini kwetu kutoka ng'ambo, akizungumza lugha ya kigeni na mkononi ana jina moja tu, tusianze kwa kumuuliza kama anawashukuru waliomlea. Tumpe kiti, kisha tukifungue kitabu.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogondogo

1. Katika kigango chetu, je, tunawafahamu watoto waliochukuliwa kulelewa mbali? Ni nani anayejua habari za jamaa zao?

2. Mama asiyeolewa anapojifungua katika mtaa wetu, maneno yetu na msaada wetu vinamwezesha kubaki na mtoto, au vinamsukuma amwache?

3. Vikundi tunavyovisaidia katika parokia, kama vile vya wajane, walemavu na wakimbizi, vinaongozwa na nani? Je, wenyewe wanapata nafasi ya kusema?

4. Vitabu vya ubatizo na kumbukumbu za vituo vyetu vya watoto vimetunzwaje, na nani amekabidhiwa kazi hiyo?